Kabla mzime hiyo laivu, ulizeni ni nani anamshikia mama simu

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama makanisa yazime ibada za mtandaoni, sasa kwa vile korona ilienda na watu wanafaa warudi kukaa kwa viti. Jibu langu ni hapana, yasizime, na mnivumilie nikirefusha kwa sababu hilo swali limenigusa pahali.

Mimi ni mtu wa kanisa. Nimeimba kwaya, nimefundisha Sande skuli, nimechanga mpaka mabati ya kanisa letu hapa Nakuru yakapanda. Na hapa kwetu mtu hawezi kusema amekosa pa kuabudu, ukisimama Kaptembwa Jumapili saa nne asubuhi utasikia spika za makanisa matatu kwa mpigo, kila moja linataka kumfunika jirani. Kwa hivyo mtu akikosa kwenda mara nyingi iko sababu, na hiyo sababu ndio huwa hamuulizi. Mnaongea ni kama laivu iliwekewa wavivu. Soja aliyelinda geti usiku kucha, nesi ambaye zamu yake ni Jumapili, msichana wa kazi ambaye tajiri wake akienda kanisani yeye anabaki na mtoto, mama wa mitumba pale Kibuye Kisumu ambaye soko lake kubwa ni hiyo hiyo Jumapili, hao walikuwa wanakosa ibada hata kabla tujue korona ni nini na hakuna mtu aliwaandikia swali la wiki.

Halafu tusisahau upesi venye ilikuwa. Julai 2020 makanisa yalipofunguliwa tuliambiwa watu wasizidi 100, ibada iwe lisaa limoja, na walio chini ya miaka 13 na walio juu ya 58 wabaki nyumbani. Juu ya 58! Hao ndio walijenga hayo makanisa, ndio wanajua tenzi bila kitabu, na ndio wengi wao hawana simu ya maana. Na Juni 2021 serikali ikafunga tena huko Nyanza, Western na majirani wao, kaunti 13, ibada za kukusanyika zikasimama, mazishi yakawa watu 50 na ndani ya saa 72. Tulizika mjomba huko Vihiga hivyo, nusu ya ukoo ukiangalia kwa simu, na walioangalia mpaka leo wanashukuru kwamba angalau waliona kaburi likifunikwa. Hiyo siwezi kuisema vibaya.

Lakini chenye kilinifanya niandike ni Pasaka ya 2021.

Mamangu anakaa Kaptembwa. Alipata stroki 2019, mkono wa kulia na mguu vikakataa, na maneno yakawa yanatoka yamekatika katika. Anakaa na mtoto wa dada yangu ambaye wakati huo alikuwa na kabambe tu, simu ndogo ya vibonye. Mimi nilikuwa nafanya kazi Kisumu, nimepanga nyumba Migosi, na nilikuwa nimejipanga nikuje nyumbani Pasaka, hadi leso ya mama nilikuwa nishanunua. Sasa Ijumaa ya tarehe 26 Machi rais Uhuru akasimama akafunga kaunti tano, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, hakuna kuingia hakuna kutoka, kafyu saa mbili usiku, na ibada za kukusanyika zikasimamishwa kwa hizo tano. Pasaka ilikuwa tarehe 4 Aprili. Kwa hivyo mimi nilikuwa nje ya ua na mama ndani, na kanisa limefungwa kufuli.

Kanisa likasema ibada itakuwa Facebook. Wakati huo vifaa vyetu vilikuwa simu moja imefungwa kwa tripodi, pasta, mama pasta, mpiga kinanda na waimbaji wawili, na viti vitupu nyuma yao. Sauti ilikuwa inarudi rudi kwa mabati mpaka ukose kujua ni neno lipi limesemwa sasa hivi na lipi ni la zamani.

Kulikuwa na kijana mmoja wa saundi, siku za wiki ni mtu wa bodaboda, wao walikuwa wanashika kamera kwa zamu na hiyo Jumapili haikuwa zamu yake. Hakuna mtu alimtuma. Aliamka akaenda kwa mamangu na simu yake mwenyewe, bando amejinunulia, spika ndogo ya bluetuthi mfukoni, na nailoni iliyokuwa na mkate nusu na chupa ya juisi ya zabibu. Akabisha, akasema, "Shosho, leo nimekuja tuabudu na wewe," akavua viatu, akaweka simu juu ya stuli penye mama anaweza kuona bila kugeuza shingo. Haya yote niliambiwa na mpwa wangu baadaye, na kila akisimulia anaanzia hapo kwa viatu.

Mimi huko Migosi nimefungua laivu yangu, naona watu wanaandika Ameni, tuko Njoro, tuko Lanet, tuko Bahati, nikaandika, "Mama umeingia?" Jina la huyo kijana likanijibu, "Ameingia, anauliza kama umekula." Nililia hapo hapo, na ibada ilikuwa haijafika hata kwa matangazo.

Pasta akiwa anasoma habari ya wale wanawake na jiwe la kaburi, stima ikapotea kule kanisani. Laivu ikazunguka zunguka, ikakatika. Mimi nikakaa naangalia kioo cheusi. Kidogo simu ikalia, ni yule kijana, amepiga kolu ya kawaida na ameiweka laudi spika, akasema, "Anti, tusingoje stima, shosho ameanza wimbo." Na kweli mama alikuwa ameanza, wimbo wa Kimaragoli wa utoto wake, maana mama alilelewa kanisa la Friends, yaani Quakers, hao ambao wamisionari wao Wamarekani walifika Kaimosi 1902. Na huyu mtu ambaye akiomba maji unangoja neno litoke kwa vipande, wimbo ulitoka mzima, neno kwa neno. Nimekuja kusikia kwamba hutokea kwa watu wa stroki, kuongea kunakataa lakini kuimba kunakubali, lakini hiyo siku sikuwa najua, nilidhani nasikia vibaya. Tukaimba wanne, mpwa wangu akifuatisha tu kwa kuguna kwa sababu Kimaragoli chake ni cha Nakuru, na kijana hajui hata neno moja lakini anapiga makofi. Laivu ikarudi tukiwa ubeti wa pili. Kijana akataka kuongeza sauti ya simu, mama akamwinulia ule mkono wa kushoto, akae, ubeti uishe kwanza.

Halafu pasta akafika kwa meza ya Bwana, akasema kila nyumba iliyo na mkate na kikombe ishiriki. Muelewe kwamba Friends hawana meza ya mkate na kikombe, mama alikuja kuipata akiwa mtu mzima ameolewa Nakuru, kwa hivyo kwake si kitu cha mazoea, ni kitu alichokiendea. Kijana akakata mkate kidogo, akamwekea kwa mkono wa kushoto, akamshikia kikombe kidevuni na leso chini yake. Mpwa wangu anasema mama alifumba macho muda mrefu mpaka wakaogopa, kumbe anaomba.

Wiki iliyofuata kijana akaitwa na mzee mmoja wa kanisa, akaulizwa nani alimruhusu kubeba meza ya Bwana, yeye ni nani. Nimelifikiria hilo kwa miaka sasa na sitaki kumdharau mzee, utaratibu uko kwa sababu, meza inapelekwa na pasta au mtu ambaye pasta amemtuma. Sawa. Sasa alitumwa nani kwa mamangu? Tangu 2019 mpaka hiyo Pasaka alitumwa nani?

Tarehe 1 Mei kaunti zikafunguliwa, ibada zikarudi kwa thuluthi ya viti, baadaye zikajaa. Kanisa likapenda hii kazi ya mtandao. Tukachangishwa, na mimi nilituma yangu kwa furaha, zikanunuliwa kamera tatu, taa, kompyuta ya kuchanganya picha, sauti siku hizi inatoka kwa mixa moja kwa moja wala hairudi rudi tena. Kazi safi, nawapa heko. Na wale vijana wote wa saundi sasa wanahitajika kanisani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka ibada ya pili iishe, na yule kijana ndiye mkubwa wa kamera, kwa hivyo kwa mama hajafika siku nyingi, na simlaumu.

Mpwa wangu amepata simu nzuri. Mama anaiona ibada vizuri kabisa, waimbaji wanaonekana hadi vitana kwa nywele. Pasta anaanza kwa kusalimia wale mnaotufuatilia mtandaoni mbarikiwe sana, namba ya kutuma sadaka iko hapo chini. Lakini mkate na kikombe havijapita mlango wa mama tena. Nilipouliza kwa heshima kwenye mkutano wa washirika kama kuna mpango wa kutembelea wagonjwa, nikajibiwa, "Lakini si mama anapata ibada laivu?"

Sasa hapo ndio jibu langu la juu linaanza kunisumbua nikiandika. Kwa sababu nilianza nikitetea laivu, na nikirudi kwa hiyo Pasaka naona chenye kilimfikia mama haikuwa laivu. Laivu ilikatika. Kilichomfikia ni mtu aliyevua viatu. Laivu ilikuwa mbaya, inakwama, na kwa vile ilikuwa mbaya kila mtu alijua haitoshi, ndio maana kijana akabeba mkate. Ilipokuwa nzuri tukaona inatosha. Sasa mama anahesabiwa amehudhuria. Kwa ripoti ya mwaka tunasomewa waliotazama ni wengi kuliko viti tulivyo navyo, na kwa miaka mingi Facebook ilikuwa ikihesabu mtu ametazama akishapita sekunde 3 tu. Sekunde tatu hata Ameni haijaisha. Lakini hiyo namba inamfurahisha kila mtu na hakuna anayeuliza ni nani kati ya hao amekaa siku ngapi bila kuguswa bega.

Najua mtanileta kwa Waebrania 10:25, tusiache kukusanyika. Huo mstari huwa unasomewa mtu aliye nyumbani. Mimi siku hizi nausoma kwa upande ule mwingine, kwamba sisi tulio kwa viti pia tunaweza kuwa ndio tumeacha kukusanyika na yeye.

Bado kuna dada yangu mdogo. Ako Riyadh, kazi ya nyumba, na Saudia hakuna kanisa la kwenda, hairuhusiwi, na Jumapili huko ni siku ya kazi kama Jumatatu yetu. Saa zetu na zao ni moja, kwa hivyo ibada ikianza saa nne hapa yeye ako na ndoo na fagio huko. Yeye huangalia usiku akishamaliza, amejifunika blanketi, sauti chini. Kwake hii kitu ni kila kitu na siwezi kukubali mtu aiguse. Lakini hebu ona, yeye haangalii laivu hata siku moja, anaangalia rekodi.

Kwa hivyo mkinibana nichague, nitasema kinyume cha nilivyoanza. Zimeni. Sisemi kila mahali, kanisa ambalo lina mtu wa kwenda kila nyumba na laivu pia iko, liendelee, Mungu aliongeze. Wala sisemi milele, ugonjwa ukirudi au njia zikifungwa washeni siku hiyo hiyo, na mazishi ya wenye watu wao mbali yaonyeshwe tu. Lakini kwa kanisa kama letu naona laivu ya Jumapili ingezimwa kwa muda, hata miezi mitatu tu tuone, ibada irekodiwe na kamera moja iwekwe mtandaoni jioni, na wale vijana wengine waliobaki wapewe majina na vibanda vya watu wasiotoka, Kaptembwa, Rhonda, Langalanga, wagawane. Pikipiki wanazo. Mafuta tutachanga, kama kamera tulichanga.

Na mzee wa kanisa apande nyuma ya hiyo pikipiki na mkate wake na kikombe chake, ndio lile swali la nani ameruhusiwa lipate jibu. Kama kuna sababu haiwezekani nitaisikiliza, labda wazee ni wachache, labda miguu nayo inauma, mimi siko kwa kamati. Lakini mpaka mtu afike kwa mama nisisomewe tena kwamba amehudhuria. Na rekodi ya dadangu iwekwe kabla ya saa tatu usiku, akichelewa kulala kesho yake anaumia.