Peugeot 504 iliyolala masika nzima inawaka kwa shida: skrubu za kabureta ziache kwanza

Kamwene mkuu. Nimesoma swali lako mara mbili. 504 ya marehemu mzee uliiegesha mwezi wa 12, barabara ya shambani ilipoanza kutitia, na juzi umeiamsha hapo Mafinga kwenye baridi hili la Juni. Stata inazungusha sana ndipo inashika, ikishika inatetemeka na kupiga chafya kwenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), ukikanyaga mafuta inatulia, ukiachia inamisi (inarukaruka), na baada ya dakika kama kumi inazima. Umeshaambiwa kabureta imekufa, utafute nyingine. Naomba hiyo hela uiweke kwanza.

Mimi nipo Uyole, Mbeya. Nina 504 GL ya mwaka 1978, na kila Novemba naiingiza bandani hadi mwisho wa Aprili, kwa sababu kipande cha udongo kati ya lami na kwangu hakipitiki kwa gari ya chini. Mwaka 2014 iliamka na dalili zinazofanana na zako. Nikamwita fundi, mtu mwenye mikono mizuri kwenye dizeli. Kabla hajafungua chochote alishika bisibisi: akazungusha skrubu ya hewa, akapandisha sailensa (mwendo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta), akalegeza distribyuta (inayogawa moto kwa plagi) na kuisogeza. Jioni gari ikawa inawaka, lakini haina nguvu, inachemka, na plagi nyeusi tii. Tulikaa nayo miezi miwili tukitafuta upya vipimo vilivyokuwa sahihi siku ninaiegesha. Tatizo la mwanzo likaja kuonekana ni platini (vile vidole vya ndani ya distribyuta vinavyokata na kuunga umeme) zilizoota ukungu, kazi ya robo saa.

Tangu hapo nashika jambo moja: skrubu haijizungushi yenyewe gizani. Kama gari iliingia bandani ikiwa inanguruma vizuri, taimingi (wakati wa moto kupiga) haijahama na mchanganyo wa petroli na hewa haujabadilika. Kilichobadilika ni vitu ambavyo muda na unyevu vinaweza kuvila: chaji ya betri, uso wa platini, petroli yenyewe, mipira, na matundu madogo ambayo wadudu wanayapenda. Tafuta humo tu mpaka uishiwe.

Betri kwanza, kwa sababu inadanganya. Ipime asubuhi kabla hujagusa ufunguo. Betri nzima iliyotulia inasoma volti 12.6 hivi, ikiwa 12.0 imekwisha, hata kama honi inalia. Halafu mtu azungushe stata wewe ukiangalia mita. Ikishuka chini ya 9.5, stata imekula umeme wote na koili, inayotengeneza moto wa plagi, inabaki na moto dhaifu, wakati ambapo oili ni nzito kwa baridi na injini inauhitaji kuliko siku nyingine yoyote. Njia ya kijijini ya kuthibitisha ni kuisukuma kwenye mteremko. Ikidaka mara moja kwa kusukumwa, shida ipo kati ya betri, vichwa vyake na waya wa athi (unaotoka betri kwenda kwenye bodi). Safisha vichwa, safisha na pale athi inapofungwa kwenye bodi, watu wanapasahau sana.

Ikishawaka na bado inatetemeka, ngoja izime yenyewe halafu fungua plagi papo hapo, zote nne. Plagi iliyolowa petroli inasema mafuta yalifika, moto haukuja. Iliyokauka na nyeupe inasema moto upo, mafuta hayatoshi. Yenye masizi meusi makavu inasema mafuta yamezidi.

Zikiwa zimelowa, nenda kwenye distribyuta. Mwaka ule wa 2014, tulipofungua kofia hatimaye, ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Nikatenganisha platini kwa ukucha. Nyuso zake hazikuwa za chuma, zilikuwa na utando wa kijivu kama majivu ya kuni yaliyonyeshewa. Nilipitisha tupa laini mara mbili, halafu kipande cha karatasi nyeupe ngumu, nikakivuta taratibu, kikatoka na mstari mweusi. Nikarudia mpaka karatasi ikatoka safi, nikaweka nafasi ya milimita 0.4 kwa fila (bamba jembamba la kupimia nafasi). Stata haikumaliza mzunguko wa pili. Usitumie msasa wa kawaida, punje zake zinabaki katikati na kuchoma platini upya. Na usiku, injini ikiwa inanguruma, zima taa zote ufungue boneti: ukiona vicheche vya bluu vinatembea juu ya kofia au kwenye waya za plagi, moto unavuja hapo kwa unyevu au ufa.

Lakini mkuu, mimi kwa maelezo yako nahisi plagi utazikuta nyeupe. Kupiga chafya kwenye kabureta ni dalili ya injini yenye kiu. Na hapa kwetu dalili hiyo ina uzito zaidi. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyowekwa vipimo vya pwani huku inamwaga mafuta kupita kiasi. Gari nyingi za Dar zikipanda mlima Kitonga plagi zinaanza kuwa nyeusi. Injini ikilia kiu kwenye milima hii, maana yake kuna kitu kimeziba kweli au kuna hewa inaingia pasipo njia. Ithibitishe hivi: iache ipate moto, kisha vuta choki nusu, ili mafuta yaongezeke. Ikitulia, una jibu: ni kiu.

Petroli ikikaa miezi sita, sehemu nyepesi inayosaidia kuwasha asubuhi inapaa. Iliyopo kwenye bakuli la kabureta inakauka yote na kuacha gundi ya kahawia inayonuka kama rangi ya mlango. Tundu la kwanza kuziba ni la jeti (kipande chenye tundu la kupitishia petroli) ya sailensa, kwa sababu ndilo dogo kuliko yote. Ndiyo maana ukikanyaga inatulia, mafuta yanapita jeti kubwa. Toa jeti hiyo peke yake, ilowekwe kwenye dawa ya kabureta, ipulizwe kwa hewa. Usiichokoe kwa waya, ni shaba laini, tundu likipanuka ndipo utahitaji kabureta kweli. Mimi natumia unywele mmoja wa brashi ya nailoni. Ile skrubu ya hewa usiiguse.

Kabla ya kurudisha mafuta, kinga petroli ya chini ya tenki kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, uiache itulie. Tenki lililobaki nusu, mchana joto usiku baridi, linatoa jasho kwa ndani. Mwaka juzi nilikuta maji ya unene wa vidole viwili yamekaa chini ya petroli, yanaonekana mstari kabisa. Hayo yakinyonywa, hakuna jeti safi itakayokusaidia.

Mipira ya vakyumu (inayopitisha mvuto wa hewa wa injini) nayo inapasuka kwa kukauka, hasa ule mnene wa kwenda kwenye breki. Ubane kwa koleo injini ikiwa inanguruma. Mlio ukibadilika kuwa mzuri, umeupata. Fungua pia kasha la chujio la hewa. Kwa sisi tunaotunza mahindi karibu na gari, panya ni wa kawaida. Kwangu walijenga kiota cha maganda ya mahindi kilichojaa kasha zima, na waya mmoja wa plagi ulitafunwa hadi kiini.

Hili la kuzima baada ya dakika kumi lina shaka yake ya peke yake. Siku ikizima, usiwashe, nenda nyuma ufungue kifuniko cha tenki ukisikiliza. Kikivuta hewa kwa sauti, fyuuu, pumzi ya tenki (kimrija cha kuingizia hewa) imeziba na pampu ilikuwa inanyonya pasipotoka kitu. Nyigu wale wanaojenga kwa udongo wanapenda sana kimrija hicho. Nilitoa kwangu udongo mkavu urefu wa kidole kidogo.

Hii ni gari iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, haifi kwa kulala miezi sita. Masika ijayo jaza tenki pomoni, zima kwa kukata mafuta ili bakuli la kabureta likauke likiwa safi, toa betri uiweke ndani na uichaji kila mwezi. Na ukiwasha bandani, fungua milango yote, moshi wa petroli una gesi ya sumu inayoua bila harufu ya kukuonya.

Kesho asubuhi pima betri, kisha weka hapa namba mbili, ya kutulia na ya stata ikizunguka, na picha ya plagi nne zikiwa zimepangwa kwa silinda. Kumbuka 504 silinda namba 1 inahesabiwa kutoka upande wa klachi, siyo wa rejeta. Jioni nitakuwepo.