Maswali ya Wasomaji: Timu ya Papa inachapwa kila kukicha, nisubiri au nihame?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni kijana wa Nkuhungu hapa Dodoma, naimba kwaya parokiani kwetu. Mwaka 2025 mwezi wa tano alivyochaguliwa Papa Leo wa 14 tukasikia ni mtu wa Chicago na ni shabiki wa timu ya besiboli inaitwa White Sox, mwezi wa sita akaonekana pale Vatican kavaa kabisa kofia yao, basi na mimi nikasema hii ndo timu yangu. Kaka nimeteseka. Mechi zao za jioni huku kwetu ni usiku wa manane saa nane saa tisa kwahiyo sizioni, nikiamka naangalia matokeo kwenye simu wamechapwa, kesho yake wamechapwa tena, msimu umeisha wameshinda 60 wamepoteza 102. Kijiweni jamaa wa Simba na Yanga wananizingua eti hiyo timu hata mchangani haifai. Naomba kujua kwanini hawashuki daraja, na wale vijana waliojazwa pale si wanaharibiwa tu?
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole, ila kwanza tuelewane kuhusu hizo namba maana zinatisha kuliko hali yenyewe. Ligi Kuu yetu timu inacheza mechi 30, besiboli ya Marekani kila timu inacheza 162 kwa msimu, karibu kila siku ya Mungu kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, na sare hakuna. Kwahiyo kupoteza ni sehemu ya kazi. Mabingwa wenyewe wa 2025, Los Angeles Dodgers, kwenye hizo 162 walipoteza 69. Hebu fikiria Yanga ipoteze mechi 69 alafu ichukue kombe, haiingii akilini, lakini kule ndo mchezo ulivyo.

Sasa 102 ni nyingi, sikatai. Ila wewe umeingia mwaka wa tatu wa msiba, wenyeji wa pale wameona makubwa zaidi. Msimu wa 2024 White Sox walipoteza mechi 121 wakashinda 41, tangu mwaka 1900 hakuna timu ya ligi kuu ya besiboli iliyopoteza nyingi hivyo ndani ya msimu mmoja, waliivunja rekodi ya New York Mets ya 1962 ambao walipoteza 120 na Mets wale angalau walikuwa na sababu maana ndo kwanza timu ilikuwa imeanzishwa. Kuna kipindi mwezi wa saba kuingia wa nane walipoteza 21 mfululizo. Kocha akatimuliwa mwezi huohuo wa nane, akaja mpya msimu uliofuata, Will Venable, na huyo ndo aliyewafikisha kwenye hizo 60 unazozilalamikia. Ushindi 19 zaidi ya mwaka uliopita mdogo wangu, usizidharau.

Kushuka daraja hakupo kabisa kule. Timu ni 30, ni zilezile, aliyenunua timu kanunua na nafasi yake kwenye ligi. Na hapa ndo penye tatizo ambalo mimi binafsi linaniuma, kwasababu mwenye timu hana kinachomtisha. Dodoma Jiji wakianza kuporomoka kila mtu pale Jamhuri anajua kinachofuata, mkurugenzi hapati usingizi, mchezaji hapati usingizi. Kule tajiri anaweza kuuza mastaa wote, akajaza vijana wa miaka 22, 23, akala hasara ya uwanjani miaka mitatu na bado biashara inaenda. Kijana anatoka bei rahisi, mshahara wa chini kabisa 2025 ulikuwa dola 760,000 kwa mwaka, kwetu ni hela ya kutisha inakaribia bilioni 2 za shilingi lakini kwenye ligi ambayo staa analipwa makumi ya mamilioni ya dola hiyo ni chenji, na kwa kawaida huyo kijana haruhusiwi kwenda kujiuza kokote mpaka afikishe miaka sita ya utumishi ligi kuu. Kwahiyo ukisikia timu inasema tunajenga, uliza inajenga kweli au inabana matumizi.

Utajuaje? Usiangalie matokeo, angalia wanavyomshika kijana anayefeli. Nikupe mmoja kutoka timu yako hiyohiyo, Colson Montgomery. White Sox walimchagua 2021 akitokea sekondari, kila mtu anamsifia, ila 2025 mwezi wa nne akiwa ligi ya chini, hatua moja tu kabla ya ligi kuu, akawa hagusi mpira, kila akisimama anarudi benchi kichwa chini. Wangeweza kumwacha aendelee kuaibika, au wamsukumie ligi kuu hivyohivyo maana timu ilikuwa inachapwa na watu wanataka sura mpya. Hawakufanya hivyo. Walimtoa kwenye mechi kabisa wakampeleka kituo chao cha mazoezi Arizona akae na mwalimu wa upigaji, hakuna mashabiki, hakuna matokeo ya kuandikwa, ni kupiga mipira asubuhi mpaka mchana na kurekebisha namna anavyozungusha gongo. Tarehe 4 mwezi wa saba akaitwa timu kubwa, na kwenye mechi 71 alizocheza mpaka msimu unaisha akapiga homurani 21, yaani mara 21 mpira umevuka ukuta umeenda kwa mashabiki. Huyo hajaharibiwa, huyo katengenezwa.

Ila nisikudanganye kwamba kupoteza kunalipa kila mara. Baltimore Orioles walipoteza 115 mwaka 2018, 108 mwaka 2019, 110 mwaka 2021, kocha wao wa wakati huo Brandon Hyde aliyeanza nao 2019 hawakumgusa, vijana wakakomaa, 2023 wakashinda 101. Raha tupu. Lakini Pittsburgh Pirates walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda misimu 20 mfululizo, 1993 mpaka 2012, kuna mtoto kazaliwa kakua kaenda chuo hajawahi kuona timu yake ina msimu mzuri. Na White Sox wenyewe hii ya kujenga na vijana walishaifanya, wakaongoza kundi lao 2021, miaka mitatu mbele ndo zile 121. Kwahiyo kaa nao, mimi nakushauri ukae, ila macho yawe kwa Montgomery na wenzake, matokeo ya asubuhi yasikuharibie siku.

SWALI: Kaka mambo, eti timu za Marekani zinafungwa makusudi ili mwakani zipate kijana bora? Nimeambiwa na shemeji yangu.
Msomaji, Area D

JIBU: Shemeji yako hajakosea sana. Zamani aliyeshika mkia alikuwa anachagua wa kwanza kwenye drafti, yaani ile siku timu zinachagua vijana wapya kwa zamu, ikawa tabia. Kuanzia drafti ya 2023 wakaweka bahati nasibu kwa nafasi za juu, na timu tajiri hairuhusiwi kuingia kwenye nafasi hizo miaka miwili mfululizo. Ndo maana White Sox na aibu yao ya mechi 121 waliambulia kuchagua wa 10 mwaka 2025. Sheria nzuri hii, naiunga mkono asilimia mia.

SWALI: Za kazi kaka. Nafundisha timu ya mpira ya vijana chini ya miaka 17 huku Mpwapwa, msimu huu tumefungwa karibu kila mechi, wazazi wananiambia niwatoe wadogo nichukue wakubwa kutoka mtaani tushinde. Kipa wangu ana miaka 15 na juzi kafungwa sita akalia. Nifanyeje?
Mwalimu wa michezo, Mpwapwa

JIBU: Nzuri mwalimu. Hao wakubwa usiwachukue, ukichukua mtu wa miaka 20 ukamwandika 17 umeshaua timu na unafundisha watoto uongo. Wazazi waite mara moja, waeleze unajenga timu ya mwakani na uwaambie wazi utaendelea kufungwa kwanza.

Huyo kipa ndo wa kumwangalia sana. Mpumzishe mechi mbili, ila asikae nyumbani, aje mazoezini nusu saa kabla ya wenzake, wewe na yeye tu, mrushie mipira ya juu na ya chini pole pole, bila mtu wa kuhesabu wala kucheka. Magoli sita mara nyingi siyo ya kipa peke yake, angalia na mabeki wako wanasimama wapi kona ikipigwa. Tafuta na kaka mmoja mtaani aliyewahi kudaka zamani aje Jumamosi amsimamie nyuma ya goli, wapo wengi tu na wala hawadai hela, wanataka kuitwa.