Jibu: Hema la mtu mmoja kwa Kitulo

Habari mkuu. Nimekuelewa: umekwama kati ya hema la tabaka moja la kilo moja, linalosimamishwa kwa fimbo za kutembelea, na la tabaka mbili la kilo moja na nusu, kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kule nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mwezi wa saba.

Beba hiyo nusu kilo. Kitulo ni mita 2,600 hivi, na Julai usiku jalidi huanguka. Pumzi yako ikigonga kitambaa baridi inageuka maji. Kwenye tabaka moja ukijigeuza tu, begi la kulalia limelowa upande wa miguu. Kwenye tabaka mbili maji hubaki kwenye turubai la nje, nawe umelala ndani ya neti.

Kabla ya kulipa, lisimamishe ulale ndani hapohapo, wacha wakucheke. Kichwa na nyayo visiguse ukuta. Turubai la nje lishuke karibu na ardhi, maana kule ni nyasi tupu, upepo haukingwi na mti. Vigingi vyembamba vya waya achana navyo.

Ukiokota la mtumba sokoni Mwanjelwa, Mbeya, pitisha kidole kwenye mishono kwa ndani: utepe unaoziba mishono ukibanduka, au kitambaa kikinata, mvua itaingia. Zipu nayo ifungue na kuifunga mara kadhaa. Rangi isikusumbue.