Bwawa la paani, na picha iliyonitia aibu

Mdogo wangu alipoolewa, zawadi yangu ilikuwa siku tatu za fungate Mji Mkongwe. Hoteli niliichagua mie mwenyewe, usiku wa manane, simu mkononi, kwa sababu ya picha moja tu: bwawa la kuogelea juu ya paa, maji yamelingana sawa na bahari, jua linazama nyuma ya majahazi. Nikalipa papo hapo.

Asubuhi ya pili akanipigia. "Dada, ndiyo bwawa lenyewe hili?" Akanirushia video. Waliokulia karibu na misikiti ya zamani wanalijua birika la kutilia udhu. Basi lilikuwa birika, limepakwa rangi ya buluu. Shemeji akinyoosha miguu, bibi harusi hana pa kukaa.

Uongo hawakusema. Paa lipo, maji yapo, na jua lilizama kama lilivyoahidiwa. Mpiga picha aliishusha kamera mpaka karibu kugusa maji, ukingo wa mbele ukapotea. Na ukingo huo nao una ujanja wake: ukuta wa upande mmoja huachwa chini kidogo ya usawa wa maji, maji yanamiminika juu yake, yanadakwa na mfereji uliofichwa chini, kisha pampu inayarudisha. Aliyemo ndani haoni mfereji, anaona bahari tu. Hata beseni la kufulia lingepigwa picha hivyo lingependeza.

Nilipomlalamikia fundi mmoja anayetengeneza nyumba za Mji Mkongwe, alinicheka kwanza, kisha akanipigisha hesabu. Maji ya mita moja ya ujazo yana uzito wa tani moja. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina mita 1.2, ni zaidi ya tani 38, na hujamtia mtu. Sasa nyumba zetu za kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari imelala juu ya boriti za mikoko. Boriti haifiki mbali, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Beit al Ajaib, lile jumba la sultani pale Mji Mkongwe, iliyojengwa 1883, iliporomoka sehemu yake Desemba 2020, na juu yake hapakuwa na bwawa.

Kwa hiyo ukiona tangazo la bwawa kubwa juu ya nyumba ya kale, uliza kwanza: ni ya kale kweli, au ni zege jipya lililovalishwa mlango wa nakshi? Likiwa zege, vizuri, ogelea. Likiwa la kale kweli, bwawa la maana mara nyingi utalikuta chini uani, na mie siku hizi huko ndiko ninakokupendelea.

Hata wenye fedha zao wanaiheshimu hesabu ya fundi. Singapore, Marina Bay Sands, bwawa lina urefu wa mita 150 kwenye ghorofa ya 57, limelala juu ya minara mitatu. Kwa kuwa minara huyumba kidogo na upepo, kila mmoja kivyake, chini ya bwawa wakaweka maungio yanayolegea ili lisipasuke. Na kina chake? Mita 1.2 tu. Anayetaka kupiga mbizi aende pwani. Jambo jingine: pale huogelei mpaka uwe umelala hotelini. Tiketi ya kupanda kutazama mji haikuingizi majini. Dubai, AURA Skypool iliyo ghorofa ya 50 ya The Palm Tower, mambo ni kinyume: unalipia kiti chako cha siku bila kuchukua chumba. Kabla ya kulipa chumba cha dola mia kadhaa kwa ajili ya bwawa, jua kwanza hoteli yako iko upande gani.

Urefu wenyewe usikutie wazimu. Ile Address Beach Resort ya Dubai, mwaka 2021 Guinness, wale wa rekodi za dunia, waliliandika bwawa lake kuwa la juu kuliko yote yenye ukingo wa kupotea katika jengo, karibu mita 294. Huko juu upepo ndio mwenyeji. Hong Kong, pale Ritz-Carlton, bwawa la ghorofa ya 118 wameliweka ndani kabisa, nyuma ya vioo. Sisi hatuhitaji kufika huko kuujua upepo. Njoo Unguja mwezi wa saba, kusi limeshika, panda paa la ghorofa nne saa kumi na mbili jioni, saa ile ile ya picha zote. Maji yamepoa, taulo limeruka kwa jirani, na wewe unatetemeka ukisubiri jua lizame upigwe picha. Miezi ya kaskazi ni afadhali, ila saa saba mchana sakafu inaunguza nyayo. Mie hupanda saa moja asubuhi, kabla kunguru hawajaanza kuangusha mifupa ya samaki majini. Hilo hutalisoma kwenye tangazo lolote.

Halafu sisi wa kujistiri. Mapaa ya Mji Mkongwe yamebanana; mama wa nyumba ya pili akianika nguo mnaweza kuamkiana. Uliza kama kuna uzio, na kama vazi la stara la kuogelea wanalikubali, maana nimewahi kuzuiwa nikiwa nimeshalowa.

Siku hizi sipokei picha ya tangazo. Napiga simu mapokezi, naomba mtu aingie bwawani asimame katikati, nipigiwe picha ya simu ya kawaida. Mwezi uliopita kijana mmoja alinicheka: "Dada, niingie na sare ya kazi?" Nikamwambia apandishe suruali. Baada ya dakika tano picha ikaja. Kijana amesimama katikati ya bwawa, kidole gumba juu, suruali kavu. Maji yanamfika magotini.