Kwa nini KIA ulijengwa porini?

SWALI: Shikamoo mzee. Nasoma kidato cha tatu hapa Usa River. Darasani tumebishana kuhusu Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA). Wengine wanasema uliwekwa katikati ya Arusha na Moshi ili mikoa miwili isigombane. Mimi nauliza: kama Arusha ina uwanja Kisongo, si ungepanuliwa ule tu? Na je, shule inaweza kwenda kuutembelea?
Msomaji, Usa River

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Hilo la mikoa kugombana nalisikia tangu naanza kazi ya kupakia mizigo pale KIA, na sisemi halimo kabisa. Lakini aliyewahi kusimama kwenye lami ile haanzi na siasa, anaanza na urefu.

Njia ya kurukia ya KIA ina mita 3,600. Ya Kisongo, mwaka 2013 ninaotaka kukusimulia, ilikuwa na mita 1,620 tu. Tena Kisongo iko juu, karibu mita 1,390 kutoka usawa wa bahari, wakati KIA haifiki 900. Huko juu hewa ni nyepesi, mabawa na injini vinapata nguvu pungufu, na ndege hulazimika kukimbia mbali zaidi ndipo inyanyuke. Ndege kubwa iliyojaa watu, na mafuta ya kuifikisha Ulaya, isingeweza kuruka pale. Tambarare ya Sanya, ulipojengwa KIA, ina nafasi: ardhi bapa, kavu, na eneo la uwanja ni takribani kilomita za mraba 110. Wafugaji wa vijiji vya jirani wana malalamiko ya miaka mingi kuhusu mipaka ya eneo hilo, na ni haki yao kusikilizwa.

Sasa huo mwaka 2013. Mwezi Desemba, ndege ndogo iliharibika ikaziba njia ya KIA. Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikija kwetu ikaenda kutua Kisongo! Ilifunga breki hadi mwisho wa lami, na ilipojaribu kugeuka magurudumu yakazama kwenye majani. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Ila abiria walikaa ndani kwa saa nyingi, kwa sababu Kisongo hapakuwa na ngazi ya kufikia mlango ulio juu kiasi kile. Baadaye ilirushwa ikiwa nyepesi, ikaletwa KIA. Waambie wenzako kisa hicho, mabishano yataisha.

KIA ulifunguliwa tarehe 2 Desemba 1971, kwa mkopo wa serikali ya Italia. Arusha ilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini watalii wengi wa Serengeti walikuwa wakishukia Nairobi na kuvuka mpaka kwa gari. Jumuiya ikavunjika 1977, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Ungedhani watalii wote wangemiminika KIA. Wapi! Walipungua sana, na uwanja mkubwa ukabaki na ndege chache kwa miaka.

Mwaka 1998 uendeshaji ulikabidhiwa KADCO, kampuni iliyokuwa na wanahisa binafsi, na 2009 serikali ikachukua hisa zote. Kati ya 2015 na 2017 ukafanyiwa ukarabati, sehemu ya fedha ikitoka Uholanzi, jengo likatoka uwezo wa abiria 600,000 kwa mwaka hadi milioni 1.2.

Sisi wapakiaji mabadiliko tuliyaona kwenye mabegi. Ndani ya tumbo la ndege hufanyi kazi umesimama, unapiga magoti na kuvuta mzigo kuelekea kwako. Usiku, ndege ya Amsterdam ikipakiwa, zilikuja begi ndefu za wapanda mlima, viatu vimefungwa kwa nje, bado vina vumbi la kijivu la Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Kila begi moja ni mpagazi, mpishi na kiongozi wa msafara waliolipwa huko Marangu au Machame. Ndiyo maana uwanja huu naujali hadi leo.

Kuhusu ziara, mwambie mwalimu mkuu aandike barua kwa meneja wa uwanja mapema, ataje idadi yenu na tarehe mnayotaka. Mkishuka njia panda ya KIA bado kuna mwendo, basi la shule ndilo zuri.