Boskone ya kwanza: ni ya 1941 au ya 1965?

Habari za leo, ndugu. Umeeleza kwamba unaandika historia ya Boskone, mkutano wa mashabiki wa bunilizi za kisayansi na njozi unaofanyika Boston, Marekani, na kwamba umekwama kwa sababu chanzo kimoja kinasema wa kwanza ulikuwa wa 1941 na kingine kinasema 1965. Vyote viwili ni sahihi, na mimi pia nilikwama hapo hapo nilipokuwa nikipanga orodha yangu.

Angalia kwanza ni nani aliyeuandaa. Mikutano ya miaka ya 1940 iliandaliwa na Stranger Club, klabu ya mashabiki ya Boston, ikakoma mwaka 1945. Ule wa 1965 uliitishwa na kundi jingine lililotamani kuuleta Boston mkutano wa dunia wa mashabiki wa bunilizi za kisayansi (Worldcon) wa 1967, nalo likalifufua jina la zamani lakini likaanza kuhesabu upya. Mkutano wa dunia ulikwenda New York, ila Boskone ilibaki, na tangu 1968 inaendeshwa na NESFA, chama cha mashabiki wa bunilizi za kisayansi cha New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani.

Kuanzia mwaka huo, chukua namba ya mkutano uongeze 1963, utapata mwaka wake: wa 24 ni wa 1987, uliofurika watu hata mwaka uliofuata ukahamia Springfield, mji mwingine wa jimbo hilohilo la Massachusetts, na wa 40 ni wa 2003, uliporudi Boston. Tafadhali usiitumie hesabu hii kwa miaka ya kabla ya 1968, kwani mwaka 1966 ilifanyika mikutano miwili.