Mwanangu, anza na ubavu wa mashua

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini kila Jumapili unarudi kutoka Bagamoyo na picha zile zile za mashua na mawimbi, na msukumo wa kupiga picha dhahania, yaani za maumbo na rangi bila kitu kinachotambulika, utaupata wapi. Utaupata kwa kukaa na kitu kimoja mpaka jina lake likutoke. Ukiwa bado unasema moyoni "hii ni mashua", utapiga mashua tu.

Mpiga picha Alfred Stieglitz alianza kupiga mawingu mwaka 1922 huko Lake George, Marekani, kwa sababu kuna waliodai picha zake zilipata nguvu kwa watu aliowapiga. Mawingu ni ya kila mtu na hayalipiwi. Nguvu ikibaki, basi imetoka kwa mpigaji.

Chagua mashua moja iliyopandishwa ufukweni na uombe ruhusa kwa mwenyewe. Fika jua likichomoza, umalize kabla ya saa mbili. Upande unaotazamana na jua uache, utatoka bapa. Tafuta ule ambao mwanga unaambaa ubaoni, maana hapo kila ganda la rangi linalobanduka na kila uzi wa pamba ya kalafati, ile inayozibia nyufa za mbao, hutupa kivuli chake.

Simama sentimita 30 hivi kutoka ubaoni, simu ikiwa sambamba nao. Ukiiinamisha, upande mmoja utafifia. Simu nyingi hushindwa kushika fokasi chini ya sentimita 10. Usivute picha kwa vidole, unaikata tu. Sogea kwa miguu. Bonyeza kioo na ushikilie mpaka fokasi ifunge, kisha telezesha kidole chini kupunguza mwanga: simu ikiona ubao mweusi hudhani ni giza, ikaung'arisha ukawa kijivu. Zima HDR, ule mpangilio wa simu unaosawazisha mwanga na giza, kwani hufifisha vivuli vile vile ulivyovifuata.

Halafu ondoa. Anga, mchanga, kamba, na hasa maandishi, maana herufi mbili tu humrudishia mtazamaji jina la kitu.

Nenda Jumapili nne, mashua ile ile. Ya tatu ndiyo ngumu, utahisi umemaliza kila kitu, usihame. Kisha chapisha picha 20 za sentimita 10 kwa 15, uzitandaze sakafuni juu chini. Zinazobaki na nguvu hata zikigeuzwa, zitenge. Tazama kinachojirudia: labda mstari wa mshazari, labda buluu iliyobanwa pembeni. Hicho ni chako, hukukiazima. Kitafute sasa kwenye mabati yenye kutu, kwenye matope yaliyopasuka, kwenye kanga zilizoanikwa.

Ila usitazame picha za wengine mtandaoni asubuhi kabla ya kutoka. Jicho litaondoka nyumbani limeshaagizwa cha kuleta.

Zile 20 niletee, nizione kabla hujazitenga.

Mama yako